Mwigizaji wa Ayalandi na Nusu ya Mazungumzo

Karatasi zile nilizipiga taipu mimi. Naanza hapo kwa sababu wengine wanaoisimulia habari hii huanza na yule mama wa Ayalandi, kofia yake ya ukili na sauti yake, na wakishaanza na yeye hadithi inakuwa tamu. Haikuwa tamu. Nilikuwapo, na niliyoyaona kwa macho nitayatenga na niliyoambiwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vilivyoleta serikali mpya. Baba yangu alikuwa ametoka Kenya zamani kufanya kazi ya reli, akatuzaa Namuwongo, mtaa wa Kampala ulio kando ya reli, na mimi nikajifunza taipu kwa masista. Nilikuwa karani katika duka la kuchapa pale Wandegeya, chini kidogo ya hosteli za wanafunzi. Tulipiga tasnifu, barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Tulikuwa na mashine tatu, na yangu ilikuwa na herufi "a" iliyopinda kidogo. Kila mwanafunzi wa mtaa ule aliijua.

Yule mama alikuja asubuhi moja akasimama kwenye foleni nyuma ya wanafunzi. Alikuwa na miaka kama sitini, mwembamba, viatu vya kamba. Zamu yake ilipofika alisema kwa Kiswahili cha kitabuni, "Bibie, ningependa unipigie mchezo wa kuigiza, lakini si mchezo wote kwa pamoja." Hakupaza sauti. Hata hivyo mwanamke aliyekuwa akimenya matoke ng'ambo ya barabara aligeuka kutazama ni nani anayesema.

Alitoa daftari kubwa lenye jalada jeusi, limefungwa kwa utepe. Mchezo mzima ulikuwa humo, kwa mwandiko wake. Kazi yangu ilikuwa kuuvunja. Kila mwigizaji apate karatasi zenye maneno yake peke yake, na kabla ya kila kauli, nukta nyingi kisha maneno mawili au matatu ya mwisho ya mtu aliyemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Mazungumzo mengine yote yalibaki kwenye daftari, na daftari lilibaki kwake.

"Kwa nini wasipewe lote?" niliuliza.

"Ukimpa mwigizaji mchezo mzima," alisema, "anaacha kusikiliza."

Hiyo ndiyo sababu aliyompa kila mtu. Ya pili aliniambia mimi, baada ya wiki kadhaa, maana alikuwa anakaa karibu na mashine yangu nikipiga, akinisomea kutoka daftari lililokuwa mapajani mwake, asiliache hata nilipokwenda kunywa chai. Baba yake alikuwa na kundi la maigizo lililozunguka vijiji vya Ayalandi na jukwaa la mbao na turubai. Waliweka jukwaa uwanjani, wakacheza wiki moja, wakalibomoa, wakahamia kijiji kingine. Makundi yalikuwa mengi na yaliibiana michezo. Mwigizaji mwenye mchezo mzima mkononi angeweza kuhamia kwa jirani nao. Kwa hiyo baba yake alikuwa na daftari moja ndani ya sanduku la bati, na waigizaji wakawa na nusu zao. Yeye mwenyewe alipanda jukwaani akiwa na miaka minne, akiigiza mtoto anayekufa kwa homa. Alikufa kila jioni, alisema, na mara mbili siku ya Jumamosi.

Alipokuwa msichana alikwenda mji mkuu wao kutafuta jukwaa kubwa. Walimpa aproni. Miaka mingi aliigiza mjakazi, mwanamke anayeleta chai, anayesema "Bwana mkubwa amefika" na kutoka. Akavuka kwenda Uingereza akakuta ni vilevile, ila huko walimwambia wazi kwamba sauti yake ni ya jikoni. Basi akasoma sauti ya sebuleni. Alijifungia chumbani na redio mpaka akaijua, na tangu siku hiyo akapewa mabibi wa nyumba kubwa, wenye mbwa na mashamba. Aliniigizia pale dukani. Mgongo ulinyooka, kidevu kikapanda, na maneno yakatoka kama yamepigwa pasi. Nilicheka mpaka nikakosea mstari. Alisema anaichukia sauti ile kuliko kitu chochote alichowahi kujifunza, na ndiyo iliyomlisha.

Nilimpenda, sina haja ya kuficha. Alikuwa amekuja Kampala na mumewe, mhandisi wa mitambo ya maji, wakapewa nyumba Luzira upande wa ziwani. Wake wa wahandisi wengine walicheza karata. Yeye alitafuta ukumbi wa kanisa, akabandika tangazo, na akapata watu kumi na mmoja: Wakenya wa madukani na viwandani, wake wawili wa polisi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na fundi bomba wa serikali, kijana wa kaskazini. Kwa kuwa hakuna lugha nyingine iliyowaunganisha wote, mchezo ukawa wa Kiswahili.

Fundi bomba nilimfahamu tangu zamani, tulikuwa majirani Namuwongo. Baba yake alikuwa sajini katika jeshi la serikali iliyoanguka; baada ya vita alipandishwa gari, na hakurudi. Mama yake alibaki na Kiswahili cha kambini, kifupi na kikavu. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, na alishika maneno upesi kuliko wote.

Mchezo ulikuwa wa kuchekesha. Ndugu wanataka kulitoa kabati la marehemu mama yao ndani ya nyumba kabla baba wa kambo hajarudi safari. Kabati ni kubwa, mlango ni mdogo. Hiyo ndiyo habari yote. Fundi bomba alikuwa kaka mkubwa, na ukurasa wake wa kwanza, niliouchapa kwa mkono wangu, ulikuwa hivi:

…………… lini?
Anarudi Ijumaa. Lazima tumalize kabla hajaingia mjini.
…………… wangapi?
Watu sita wanatosha. Waje na kamba.
…………… mlinzi je?
Mlinzi ni wetu.
…………… akipiga kelele?
Hatapata nafasi ya kupiga kelele.

Neno "kabati" lilikuwa upande wa ndugu yake, ambao yule mama alikuwa bado hajanisomea, kwa hiyo hata mimi nilikuwa silijui. Kwenye karatasi za kaka mkubwa halikutokea mpaka ukurasa wa nne, na ukurasa wa nne nilikuwa sijaupiga.

Wasomaji wa nchi nyingine nawaomba waelewe jambo moja. Katika Kampala ya miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Watu waliisikia barabarani kwenye vizuizi, na mlangoni ikiamuru mlango ufunguliwe. Karatasi ile ingekuwa ya Kiluganda, mtu angeisoma akacheka. Kwa Kiswahili, mfukoni mwa mwana wa sajini wa kaskazini, ilikuwa kitu kingine.

Siku ya Jumatatu, saa kumi na moja jioni, alikuwa anatembea kando ya reli akitoka kazini, akinong'ona maneno yake ili ayashike. Walikuwa wamefanya zoezi mara moja tu, la sauti, na hakuna aliyesomeana na mwenzake. Doria ilimsimamisha ikamuuliza anaongea na nani.

Mama yake alinijia dukani kesho yake asubuhi. Hakuketi.

"Wewe ndio ulipiga ile karatasi?"

"Karatasi gani, mama?"

"Iko nukta-nukta. Wamechukua kijana yangu na hiyo karatasi. Wanasema ni ya kupindua."

Tulikwenda pamoja kituoni. Sitakitaja ni kipi. Askari wa mapokezi alikuwa na kikombe cha chai na alikuwa na furaha ya asubuhi.

"Nyinyi nani yake?"

"Mimi mama," alisema mama. "Huyu binti ya jirani."

"Mama, kijana yako iko na maneno mingi. Ameandika watu sita. Tunataka majina ya hao sita."

"Ni mchezo, afande," nilisema. "Drama. Wanafanya kwa ukumbi wa kanisa."

"Drama!" Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Ni drama." Mwenzake akacheka. "Nnyabo, drama inachekesha. Hii unaona kitu ya kuchekesha hapa?" Akaisoma kwa sauti, pole pole, na ni kweli, hakikuwamo cha kuchekesha. "Na huyu mwingine anayeuliza, ni nani? Anasema nini? Leta maneno yake tuone."

"Yako kwenye daftari."

"Leta daftari. Na nani alipiga taipu?"

Nikasema sijui. Nilimwona mama akinitazama pembeni, kisha akatazama chini. Mashine yangu ilikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu, na "a" yake iliyopinda ilikuwa kila mstari wa karatasi ile.

Nilikwenda Luzira mchana huohuo. Yule mama alikuwa barazani, anapanga maua kwenye chupa. Nilimweleza yote kwa mpangilio: saa, mahali, karatasi, askari alivyosema. Alisikiliza vizuri. Kisha, Mungu ananiona, alitabasamu.

"Maskini. Lakini amekuwa mwigizaji kweli sasa. Baba yangu alilala rumande katika kila wilaya ya Ayalandi. Mara moja walimkamata akiwa amevaa taji la mfalme, akakataa kulivua, akalala nalo."

"Mama, wanataka kuona daftari."

"Daftari halitoki, bibie. Unajua hivyo. Liko moja tu. Likipotea kituoni hatuna mchezo."

"Niazime mpaka jioni. Nitalishika mwenyewe."

"Watamwachia kesho. Huwa wanawaachia kesho yake. Wakikuona una wasiwasi ndipo wanapoanza kukuona una hatia." Akanimiminia chai. Nami nikainywa. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliinywa. "Asipotoka, nitakwenda mwenyewe. Alhamisi. Jumatano nina wageni."

Kwa baba yake rumande ilikuwa kisa cha kusimulia mezani. Asubuhi yake mlinzi alifungua mlango, mfalme akatoka na taji lake, kijiji kikacheka. Hakuweza kuona, au hakutaka, kwamba kwa familia ya Namuwongo mtu aliyechukuliwa kwa neno kama lile angeweza kupandishwa gari usihadithiwe tena habari zake. Mama wa kijana alikuwa ameshampoteza mume kwa njia hiyohiyo. Nilimwambia hivyo. Akaniwekea mkono begani akasema, "Alhamisi."

Jumatano mama wa fundi bomba alikaa nje ya kituo kutwa nzima, juani, na ugali na maharagwe kwenye kikapu. Walipokea chakula, hawakumruhusu kumwona. Nilikaa naye saa yangu ya chakula.

"Huyo mzungu yako atakuja?" aliniuliza.

"Amesema kesho."

"Kesho." Alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha. "Mungu akimweka mpaka kesho, ni sawa."

Alhamisi saa nne alifika kwa gari la mumewe. Nilitazama mikono yake kwanza. Hakuwa na daftari. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa na lulu shingoni, na hakuwa yeye. Mgongo umenyooka, kidevu juu. Alipita mapokezi bila kusimama, na yule askari wa chai akasimama akapiga saluti. Hakuongea Kiswahili. Aliongea Kiingereza cha sebuleni, kile alichokuwa amenichekesha nacho, kila neno limepigwa pasi. Mkuu wa kituo alitoka ofisini mwenyewe. Kiti kikaletwa kikafutwa vumbi kwa kitambaa. Soda ikaletwa.

Nilisikia yote, mlango ulikuwa wazi. Alisema yule ni mtu wake, anamhitaji, na anashangaa sana. Basi. Hakueleza mchezo. Hakueleza nukta. Mkuu wa kituo alisema, "Madamu, ungetuambia mapema tu." Karatasi ilikuwa mezani mbele yao na hakuna aliyeitazama. Kwa siku mbili walikuwa wamedai nusu ya pili ya mazungumzo kama vile roho ya mtu ilining'inia hapo, na sasa hakuna aliyeiuliza.

Kijana alitolewa. Alitembea kama anayekanyaga changarawe bila viatu, ingawa viatu alikuwa navyo, ameviweka kwapani. Mama yake hakulia wala hakupiga vigelegele. Alimshika mkono wa juu, akaubonyeza, kama mtu anayepima kama muhogo umeiva. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni akimpungia mkono yule mama wa Ayalandi. Mama wa kijana alisema asante, na mimi pia. Tulimshukuru mkuu wa kituo na tukamshukuru yule mama. Hasira yangu nyingi ni ya asante hiyo.

Jioni ya Ijumaa kulikuwa na zoezi ukumbini. Fundi bomba alikuja. Yule mama aliwaketisha wote duara na akaisimulia habari ya kituo. Aliisimulia vizuri sana, kama alivyofanya kila kitu. Aliigiza askari wa chai, akaigiza mkuu wa kituo akifuta kiti, akaigiza yeye mwenyewe akiingia na lulu. Mwishoni akafichua kwamba kelele zote zile zilikuwa za kabati la nguo. Watu walicheka. Wake wa polisi walicheka mpaka wakashikana. Siku ile moja ilishakuwa mchezo, una mwanzo na una mwisho, na katika mchezo huo mtu wa rumande hakuwa na hata kauli moja.

Alipomaliza alisema, "Haya, ukurasa wa kwanza. Kaka mkubwa, hapa."

Fundi bomba hakusogea.

"Mama, naomba daftari."

"Kwa ajili gani, mwanangu?"

"Nataka kusoma yule mwingine anasema nini."

"Utamsikia. Ndiyo kazi yenyewe, kumsikia."

"Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo, kila mtu ikabidi anyamaze. "Walinichapa kwa miguu. Wanauliza, huyu mwingine alijibu nini? Nikasema sijui. Wanasema unadanganya, mtu hawezi kuongea na mtu na hajui amejibiwa nini. Wanachapa tena. Na kweli sikujua. Ningejua ningewaambia, ni kabati, afande, tunabeba kabati. Nilikuwa nafikiri wewe unajua. Nilikuwa nafikiri, mama akileta daftari wataona."

Yule mama alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza nilimwona amesahau maneno. Kisha akasema pole, akasema ni jambo baya sana, na akasema kwamba daftari ni daftari. Miaka hamsini alikuwa amefanya kazi kwa njia ile. Yeye mwenyewe, alisema, michezo mingi hakujua mwisho wake mpaka jioni ya kwanza, na hakufa.

"Ulikufa kila jioni," nilisema. "Na asubuhi ulikuwa mzima." Nilikuwa sijawahi kumsemesha hivyo mtu mzima.

Fundi bomba alichukua viatu vyake, maana bado alikuwa havivai, akatoka. Nilimfuata mpaka njiani. Nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya karatasi. Hakuniacha nianze.

"Waliuliza pia nani alipiga taipu," alisema. "Hiyo nilijua."

Akaenda zake upande wa reli. Dukani hakuna askari aliyewahi kuja.

Nilirudi ukumbini. Daftari lilikuwa juu ya kiti, utepe umefunguliwa. Nililichukua mbele ya watu wote, nikaliweka kwenye mkoba wangu. Yule mama alisema kwa Kiswahili chake safi, "Bibie, huo ni wizi." Nikamjibu ni wizi, ndiyo. Hakuna aliyenizuia. Jumamosi, mchana, nilimwambia tajiri wangu kazi ninayofanya ni ya nani na kwa nini, akaniletea kaboni mpya. Nilipiga mchezo mzima, karatasi tano kwa mpigo, mara tatu. Nilipiga kwa nguvu mpaka nakala ya tano ikasomeka. Jumapili baada ya ibada niligawa nakala kwa kila mtu wa kundi, na daftari nikalipeleka Luzira, nikamwachia mlinzi wa geti.

Hakunijia dukani tena. Mchezo haukuchezwa. Nilisikia, sikuona, kwamba mwaka uliofuata alianzisha kundi jingine na wake wa wahandisi, kwa Kiingereza, na baadaye mumewe akamaliza kazi wakarudi kwao. Watu waliokutana naye huko wananiambia bado husimulia kisa cha kituo, na husimulia vizuri. Wanasema aliipenda Kampala. Sibishani nao. Alimtoa mtu rumande, na hilo ni kweli. Angeweza kumtoa Jumanne, na hilo ni kweli pia, wala halimo ndani ya kisa chake.

Nakala ya fundi bomba niliipeleka Namuwongo mwenyewe. Yeye hakuwapo, alikuwa ameanza kutafuta gari la kwenda kwao kaskazini, kazi ya mabomba ameiacha. Mama yake alikuwa anapepeta mtama nje. Hakujua kusoma. Akaniambia niketi nimsomee, yote, ya huyu na ya huyu.

Nikasoma. Lini? Anarudi Ijumaa. Nikasoma watu sita na kamba, nikasoma mlinzi. Nilipofika mahali ndugu mdogo anapojibu, "Lakini kaka, kabati lenyewe halipiti mlangoni," aliinua mkono.

"Ngoja. Ni kabati?"

"Ni kabati, mama."

"Ya nguo?"

"Ya nguo."

Aliuweka ungo wake chini. Kisha akasema, "Soma tena," na nilipoanza juu, akanikatiza. "Hapana. Soma tu hapo pa kabati."

Nikasoma hapo pa kabati. Akataka tena. Nilimsomea mara tano au sita, na hakucheka hata mara moja.